Taa ya diski namba 3 imekuwa nyekundu na boksi linalia: nizime kwanza au nichomoe likiwa linawaka?

#1 Jicho_la_Harusi

Wakuu habari za muda huu.

Nipo Mwanza, nafanya kazi kwenye studio ya video. Harusi, kicheni pati, kipaimara, misiba, kila kitu. Kazi mbichi zote zinakaa kwenye boksi la kuhifadhia data lenye diski nne za TB 4 kila moja, zimefungwa kwa RAID 5 (zinafanya kazi kama diski moja, na ikifa moja zilizobaki zinaziba pengo). Data iliyomo ni kama TB 7. Jana jioni boksi likaanza kulia, kwenda kuangalia nakuta taa ya diski namba 3 ni nyekundu. Kazi zinafunguka, ila kwa kujivuta.

Bosi anasema zima, toa mbovu, weka nyingine, washa, maisha yaendelee. Mimi roho inasita. Nizime kabla ya kuchomoa au nichomoe likiwa linawaka? Diski mpya lazima iwe ya kampuni ileile? Na kuna jamaa Kariakoo ana diski za mtumba za seva, nusu bei, nichukue?

Nawasilisha.

#2 Ngoja_Waje

Siti ya mbele kabisa. Waje wenye fani yao.

#3 FundiTrei

Mkuu, usizime, usichomoe, usiguse chochote kwanza. RAID 5 inavumilia kifo cha diski moja tu, na hiyo moja umeshaitumia. Kuanzia jana jioni ikifa nyingine yoyote kati ya tatu zilizobaki, kazi zote zimekwenda. Kwa hiyo unachotafuta sasa hivi si diski ya kuziba pengo, ni nakala. Azima, nunua, fanya ufanyavyo upate diski za nje, uhamishe hizo TB 7 ukianzia na kazi ambazo wateja hawajachukua.

Wakati inanakili, ingia kwenye ukurasa wa usimamizi wa boksi. Zima mlio, maana unachanganya akili. Soma kumbukumbu za matukio uone diski ilitolewa kwa sababu gani. Kisha andika namba ya siriali ya ile mbovu kwenye karatasi. Siriali, sio namba ya nafasi. Nitarudi kueleza kwa nini kama wengine hawataniwahi.

Kampuni sio lazima iwe ileile. Ukubwa ndio lazima: sawa au zaidi. Zamani diski mbili zenye maandishi sawa zilikuwa zinapishana kidogo kwa ndani, na ikipungua hata sekta moja (kipande kidogo kabisa cha kuhifadhia) boksi linaikataa. Siku hizi TB 4 karibu zote zina sekta 7,814,037,168, hapo usiumize kichwa.

#4 Bi_Arusi_Aliyesahaulika

Samahani natoka nje ya mada. Harusi yetu ilipigwa na studio ya huko huko Mwanza na video hatujawahi kupewa mpaka leo. Isije ikawa ipo kwenye diski namba 3.

#5 Jicho_la_Harusi

#4 Dada njoo pembeni tuyamalize kimya kimya 😂

#3 Mkuu ubarikiwe. Diski za nje mbili za TB 4 zipo, naanza kunakili sasa hivi.

#6 Mzee_wa_Bisibisi

FundiTrei anashauri kama kila mtu ana seva ya benki. Kuchomoa diski likiwa linawaka ni kwa vifaa vilivyotengenezwa hivyo, vyenye trei za kuvuta kwa mbele. Huku mitaani "boksi" linaweza kuwa kompyuta ya kawaida iliyotiwa diski nne ndani na kufungwa skrubu. Hiyo ukichomoa waya wa umeme ikiwa inazunguka unaitafuta shoti. Mleta mada, lako lina trei za mbele au unafungua mfuniko?

#7 Jicho_la_Harusi

Trei za mbele, zina kishikizo cha kubonyeza.

#8 FundiTrei

Basi hilo linabadilishwa likiwa linawaka, ndilo lilivyokusudiwa. Na bora liwake. Diski zilizozunguka miaka bila kusimama, ukizizima zikapoa, kuna ambazo haziamki tena. Ukizima boksi lenye diski moja mbovu unaweza kuwasha ukakuta mbili.

Ila Mzee ana haki upande wa kompyuta za kawaida. Hizo zima kabisa, toa waya ukutani, ndipo ufungue.

Na hata kwenye trei: ukivuta, ivute sentimita mbili tatu tu ili iachane na soketi, kisha subiri nusu dakika. Ndani sahani zinazobeba data bado zinazunguka kwa kasi hata umeme ukiwa umeshakatika. Ukiitoa yote na kuigeuza mkononi wakati huo utaisikia inakushindilia mkono. Kwa diski iliyokufa haina shida sana, lakini siku utakayokuwa umekosea ukavuta isiyo mbovu, hizo sekunde ndizo zitaiokoa.

#9 Karani_wa_Kilindini

Salaam kutoka Mombasa. Hapo kwa kuvuta nzima nina kisa.

Kuna ofisi ya mambo ya mizigo niliitwa, seva ya diski sita, RAID 5 vilevile. Programu ilikuwa inasema diski namba 2 imekufa. Kijana wa zamu akahesabu kutoka kushoto: moja, mbili, akavuta. Kumbe kontrola ile (kifaa kinachoongoza diski) inahesabu kuanzia sifuri, kwa hiyo namba 2 ni ya tatu. Amevuta nzima, na mbovu iko palepale. Mfumo mzima ukalala hapo hapo.

Bado hapo palikuwa panaokoleka. Shida ilikuja pale aliporudisha ile nzima na kontrola ikamuuliza: nimeona usanidi wa kigeni kwenye hii diski, niupokee au niufute? Akachagua kufuta, kwa sababu "kigeni" lilimtisha. Tulikuja kurudisha mambo kutoka kwa bakapu ya wiki iliyopita, na nusu ya makaratasi ikaandikwa upya kwa mkono.

Kwa hivyo ndugu yangu wa Mwanza, ukiona skrini inakuuliza kuhusu kufuta, kuanzisha upya, au kuunda mfumo mpya, toa mkono kwa kibodi. Piga simu kwanza.

#10 Ngoja_Waje

#9 Nondo hizi. Endelea kushusha.

#11 Binti_Sauti

Namuunga mkono Karani. Kuna boksi nimewahi kulikuta namba zinaanzia kulia kwenda kushoto, na jingine juu kwenda chini kwa safu. Taa nazo zinadanganya: zingine nyekundu ni mbovu, zingine rangi ya chungwa ni onyo tu, zingine diski ikifa kabisa taa haiwaki hata kidogo, mtu anatafuta nyekundu anakosa anachomoa inayopepesa kijani.

Boksi nyingi zina amri ya kutafuta diski: ukibonyeza, taa ya trei husika inapepesa. Tumia hiyo, kisha hakikisha kwa siriali. Na likiwa zima siku ya kwanza kabisa, kabla halijawa na tatizo, siriali za diski zote ziandikwe kwenye stika mbele ya kila trei. Tarakimu nne za mwisho zinatosha.

#12 Hesabu_Kali

Wakuu mnaongelea trei, mimi naongelea hesabu. Diski nyingi za bei ya kawaida mtengenezaji anaandika kwamba kosa moja la kusoma lisilorekebishika linaweza kutokea katika kila biti 10 kwa kipeo cha 14. Geuza hiyo kuwa baiti unapata TB 12.5. Sasa mleta mada ana diski tatu zilizobaki za TB 4, ili kujenga ya nne lazima zisomwe zote tatu mwanzo mwisho. Hizo ni TB 12. Yaani kwa karatasi, kukutana na kosa katikati ya kujijenga upya ni jambo la kutarajia. Ndiyo maana mwaka 2007 kuna watu waliandika kwamba ifikapo 2009 RAID 5 itakuwa haina maana tena.

Jicho, usijenge. Nakili, futa, anza upya na RAID 6, inayovumilia kifo cha diski mbili.

#13 Mwenye_Seva_Muscat

Ahsanta kwa hesabu, lakini 2009 imepita zamani na RAID 5 bado zinajijenga kila siku duniani. Ile 10 kwa 14 ni kikomo anachojilinda nacho mtengenezaji, maana yake "hatuzidi hapo", sio kipimo cha diski yako. Mimi huku Muscat nasimamia chumba cha seva, kila mwezi mifumo inasoma diski zote kujikagua, TB nyingi kuliko hizo 12, na mara nyingi hapaonekani kosa hata moja. Kama hesabu yako ingekuwa sahihi tungeshafunga duka.

Kisha inategemea mfumo. ZFS (mfumo mmojawapo wa kuhifadhi faili) ikikuta sekta moja haisomeki wakati wa kujenga, inakwambia faili fulani limeharibika, inaendelea. Kuna kontrola nyingine zikikuta hiyo sekta moja zinasimamisha kazi nzima. Tatizo hapo sio diski, ni tabia ya kontrola.

#14 Hesabu_Kali

Wewe una diski za seva, zimeandikwa 10 kwa 15, mara kumi bora. Jicho anatumia za kawaida. Tusilinganishe.

#15 Mwenye_Seva_Muscat

Ninazo aina zote mbili, wallahi. Nyumbani nina za kawaida.

#16 Jicho_la_Harusi

Wakuu mrejesho, na sio mzuri. Nimeangalia afya ya diski nyingine. Namba 1 kwenye kipengele cha 197, sekta zinazosubiri (zilizogoma kusomeka), inasoma 8. Nyingine zote sifuri. Nakala imefika kama robo. Nisimamishe?

#17 FundiTrei

Usisimamishe! Songa. Zile za muhimu zitangulie.

Na hiyo 8 isikutoe jasho sana. Diski za siku hizi ndani zina sekta za baiti 4096 ila zinajionyesha kwa nje kama za 512. 512 mara 8 ni 4096. Kwa hiyo mara nyingi 8 maana yake ni sehemu moja tu ya kweli haikusomeka. Ikipanda 16, 24, 80, hapo ndipo uanze kusali.

#18 Hesabu_Kali

Isimtoe jasho vipi? Google walichapisha utafiti mwaka 2007, diski zaidi ya laki moja. Diski ikionyesha kosa la kwanza la kukagua uso wake, uwezekano wa kufa ndani ya siku 60 unakuwa mara 39 ya ile isiyo na kosa. Namba 1 yake ni mgonjwa.

#19 Binti_Sauti

Utafiti huohuo mkuu, malizia kusoma. Zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa na hata moja kati ya dalili nne kubwa walizozitazama. Kwa hiyo namba 2 na namba 4 zenye sifuri nazo sio salama.

Mimi swali langu ni lingine: kwa nini mbili zinaumwa kwa pamoja? Zimenunuliwa siku moja?

#20 Jicho_la_Harusi

Zote nne siku moja, duka moja. Siriali zinafuatana kabisa.

#21 Karani_wa_Kilindini

Hapo ndipo penyewe. Zimezaliwa pamoja, zimefanya kazi sawa, zitaondoka pamoja. Novemba 2019 HPE, kampuni ya seva, walitoa tangazo: aina fulani za diski zao za SSD (zisizo na sahani za kuzunguka), kwa kosa lililokuwa kwenye programu ya ndani, zinakufa zikifikisha saa 32,768 za kuwaka. Hiyo ni miaka mitatu na miezi kama tisa. Zikifika hapo hazifufuki na data haipatikani. Sasa fikiria umenunua ishirini siku moja ukaziwasha siku moja. Zinakatika pamoja ndani ya saa hiyohiyo, RAID 5, RAID 6, hata RAID 10, hakuna itakayokusaidia. Machi 2020 wakatoa onyo jingine, safari hii saa 40,000.

Kwa hivyo mimi nikinunua nne, mbili za duka hili, mbili za duka lile.

#22 Mzee_wa_Bisibisi

Hizo za HPE ni SSD na ni kosa la programu. Za Jicho ni za sahani. Hapo ni joto tu, niamini mimi. Boksi liko wapi, Jicho?

#23 Jicho_la_Harusi

Ndani ya kabati la ukutani, juu yake kuna spika kubwa ya besi ya kusikilizia miksi. Mlango wa kabati tunafunga kwa sababu ya vumbi.

#24 Mzee_wa_Bisibisi

Haya. Joto.

#25 Mwenye_Seva_Muscat

Utafiti wa Google mnaoushika haukuona joto kuwa sababu kubwa hivyo. Zile zilizokuwa za baridi sana ndizo zilikufa zaidi, joto lilianza kuuma kwenye nyuzi za juu kabisa na kwa diski zilizozeeka. Mimi naitazama spika. Mwaka 2008 mhandisi mmoja wa kampuni ya kompyuta ya Sun Microsystems alisimama mbele ya rafu ya diski akazipigia ukelele, na grafu ikaonyesha wazi diski zimechelewa kujibu. Septemba 2016 huko Bucharest, kituo cha data cha benki ya ING kilijaribu mfumo wa gesi wa kuzima moto. Gesi ilipofyatuka sauti yake peke yake ikaharibu makumi ya diski, huduma za benki zikasimama saa kadhaa. Kichwa cha kusomea kinaelea nyembamba mno juu ya sahani. Besi ya singeli juu yake kila siku, we!

#26 Ngoja_Waje

Singeli imeua diski 😂😂 Nimekufa mimi.

#27 Umeme_Jua

Hamjataja umeme. Hapo studio kuna UPS? Umeme ukiwa unakatika na kurudi mara tatu kwa jioni moja, na jenereta likipokea kwa kishindo, pawasaplai ya boksi (kifaa cha kuligawia umeme) inachoka. Kapasita zikivimba volti 12 inayumba, diski inayumba, sekta zinaandikwa nusu nusu. Nimeona boksi limebadilishwa diski tatu mfululizo na zote zinaonekana mbovu, kumbe chaja yake ya nje ndiyo iliyochoka. Kabla hujanunua chochote pima hiyo chaja kwa mita wakati boksi lina kazi.

Na kwa wale wa kompyuta za kawaida: msichanganye nyaya za pawasaplai. Ncha inayoingia kwenye diski zinafanana zote, ila ile inayoingia kwenye pawasaplai yenyewe kila mtengenezaji ana mpangilio wake wa pini. Ukiweka waya wa nyingine unapeleka volti 12 mahali pa volti 5. Diski zote zinaondoka kwa pigo moja na harufu.

#28 Jicho_la_Harusi

UPS ilikuwepo, betri ilikufa, tukaacha waya tu.

#29 Hesabu_Kali

Joto, spika, umeme, mapacha. Chagueni mmoja wakuu.

#30 Dogo_Mtundu

Mimi niliambiwa ile iliyokufa ukiiweka friza usiku mmoja inaamka, unatoa data zako. Kweli?

#31 Binti_Sauti

Usithubutu. Ilikuwa inasaidia mara chache kwa diski za zamani zilizokwama. Ukiitoa friza kwenye hewa ya Dar au Mwanza unyevu unageuka matone ya maji juu ya sahani, unawasha, kichwa kinakwaruza. Hata mafundi wa kuokoa data wakisikia friza wanaongeza bei.

#32 Mzee_wa_Bisibisi

Bora hata hiyo kuliko wale wanaobadilisha bodi ya chini ya diski. Zamani ulikuwa unatafuta diski pacha, unatoa skrubu, unahamisha bodi, inaamka. Za sasa kwenye ile bodi kuna chipu ndogo ya ROM yenye vipimo vya diski hiyo tu, vimepimwa kiwandani. Bila kuhamisha chipu hiyo kwa kuichomelea, bodi mpya haizijui sahani. Wapo wanaoiweza, wengi wanajaribu kwenye data ya mteja.

Ila kama imepigwa na umeme mwingi, angalia kwanza zile diodi ndogo za ulinzi kwenye bodi karibu na soketi ya umeme. Zimewekwa zife kwa niaba ya diski. Ikiwa imeshoti, fundi anaitoa, diski inawaka mara moja ya kunakili. Mara moja, narudia, maana haina tena ulinzi.

#33 Jicho_la_Harusi

Nakala imekamilika. Kuna faili mbili za kipaimara kimoja zimegoma kunakilika, nyingine zote zimepita na nimefungua za kujaribia zinacheza. Sasa diski. Yule wa Kariakoo anasema zake ni "za seva, SAS, TB 4, zimetumika kidogo sana".

#34 FundiTrei

SAS ni muunganisho wa diski za seva, haiingii kwenye boksi lako la SATA, ule wa diski za kawaida. Soketi zinafanana ila SAS ile nafasi ya katikati imezibwa, haipiti kwenye soketi ya SATA. Kinyume chake ndiyo kinawezekana, SATA kwenye kontrola ya SAS. Akikwambia kuna kibadilishaji, ondoka.

#35 Karani_wa_Kilindini

Na za SAS zilizotoka kwa mashine kubwa za kuhifadhi, nyingi zina sekta za baiti 520 badala ya 512. Unaiweka kwa seva yako inaonekana, lakini haitumiki hadi uifomati upya kwa ngazi ya chini, na hiyo inachukua saa nyingi. Umeme ukikatika katikati unaanza tena.

"Zimetumika kidogo" nayo uliza vizuri. Januari 2025 Ujerumani ilibainika wauzaji wanauza diski za Seagate za seva kama mpya, kumbe zimekimbizwa maelfu ya saa. Saa za kwenye SMART, rekodi ya afya ya diski, zilikuwa zimerudishwa sifuri. Zilizowakamata ni kumbukumbu nyingine ya ndani inayoitwa FARM, hiyo hawakuigusa. Programu ya smartctl toleo jipya inaisoma. Saa zikipishana, rudisha mzigo.

#36 Binti_Sauti

Hata ukinunua mpya kabisa angalia aina. Kuna diski ambazo njia zake za kuandikia zimepishana kama vigae vya paa, zinaitwa SMR. Kusoma zinasoma vizuri, kuhifadhi picha zinafaa. Ukiziweka kwenye RAID inayojijenga upya zinajikokota, kazi ya saa inageuka siku, na boksi lingine linachoka kusubiri linaitangaza mbovu. Aprili 2020 Western Digital walikiri baadhi ya diski zao za laini nyekundu (Red) za TB 2 hadi 6 ni za namna hiyo, baadaye wakatenganisha majina: Red Plus ndiyo isiyo na vigae. Muulize muuzaji, akisema hajui, tafuta namba ya modeli ya diski hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji.

#37 Dogo_Mtundu

Je nikinunua diski ya nje ya USB nikaipasua nikatoa ya ndani? Zinakuwa za bei rahisi.

#38 Umeme_Jua

Inawezekana, ila baadhi zinagoma kuwaka. Sio mbovu. Pini ya tatu ya soketi ya umeme kwenye diski hizo ni ya kuizima kwa mbali, na pawasaplai za zamani zinapeleka volti 3.3 hapo muda wote. Diski inaona imeamriwa kulala. Watu wanaziba pini kwa utepe mwembamba usiopitisha umeme. Waranti ndiyo umeiaga.

#39 Mzee_wa_Bisibisi

Na msisahau umeme wa mwilini. Shika bati la boksi kwanza, vua sweta la sufu, diski iache ndani ya mfuko wake wa kijivu mpaka dakika ya mwisho. Ishike kwa mbavu, usiguse bodi ya chini.

#40 Hesabu_Kali

Mzee, Mwanza ziwa liko mlangoni, hewa ina unyevu, huo umeme wa mwilini unatoka wapi? Labda Dodoma kiangazi.

#41 Mzee_wa_Bisibisi

Ndani ya chumba chenye kiyoyozi hakuna ziwa. Kushika bati ni bure, kwani unalipia?

#42 Jicho_la_Harusi

Mrejesho wakuu. Nimenunua mpya, isiyo ya vigae, kampuni tofauti na zile nne. Betri ya UPS imenunuliwa, bosi amelalamika lakini ametoa. Siriali nimeilinganisha mara mbili. Nikavuta kidogo, nikasubiri, nikatoa.

Kitu kilichonipotezea muda ni skrubu. Mfuko wa skrubu uliokuja na boksi una aina mbili, nyembamba na nene, na nyembamba zilikuwa zinaingia bila kukaza.

#43 FundiTrei

Nene ndizo za diski kubwa ya inchi 3.5. Nyembamba ni za inchi 2.5. Ukifunga diski kubwa kwa skrubu nyembamba inalegea na inatetemeka kwenye trei, ukilazimisha ya nene kwenye diski ndogo unakata uzi wa chuma. Imeanza kujijenga?

#44 Jicho_la_Harusi

Imeanza, inasema saa 11. Nimezuia wote wasifungue kazi humo mpaka iishe. Spika nimeizima, Muscat usiseme sikukusikia.

#45 Mwenye_Seva_Muscat

Ahsanta. TB 4 kwa MB 150 kwa sekunde ni saa saba na nusu hivi kwa uchache, kwa hiyo 11 ni ya kawaida. Ikipanda kwa ghafla mpaka saa 60, tazama namba 1.

#46 Hesabu_Kali

Tunasubiri hapa hapa. Nimeweka kambi.

#47 Jicho_la_Harusi

Imemaliza alfajiri. Taa zote kijani. Lakini namba 1 sasa inasoma 16.

#48 Hesabu_Kali

Nilisema.

#49 Mwenye_Seva_Muscat

Ulisema haitajijenga. Imejijenga.

#50 FundiTrei

Badilisha na namba 1, utaratibu uleule. Ile nakala ya nje usiifute hata ukiwa umekamilisha zote, tena moja ipeleke nyumbani kwako.

#51 Mzee_wa_Bisibisi

Na mlango wa kabati uwe wazi. Joto hilo.

#52 Umeme_Jua

Pima chaja.

#53 Bi_Arusi_Aliyesahaulika

Nimeonyeshwa pembeni. Ipo! Ila kwaya iliyoimba siyo yetu, mmechanganya na harusi nyingine.

#54 Jicho_la_Harusi

#53 Dada tulikubaliana pembeni 😂

Wakuu la mwisho. Ile namba 3 iliyokufa ina waranti. Duka linataka niirudishe ili nipewe nyingine. Kuna tatizo?

#55 Binti_Sauti

Lipo. Ina vipande vya kazi za watu. Kwa RAID 5 diski moja peke yake haina faili kamili kubwa, lakini vipande vidogo, picha ndogo, majina, hati, vinaweza kusomeka. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na nyie mnashika sura za watu na watoto wao. Kama bado inawaka ifute kwanza yote. Kama haiwaki huwezi kuifuta, hapo uamue: waranti au siri za wateja.

#56 Karani_wa_Kilindini

Huku ofisi nyingi hununua mpya na kuivunja ya zamani. Bei ya diski moja ni ndogo kuliko kesi.

#57 Dogo_Mtundu

Kama anaivunja naomba sumaku za ndani. Zina nguvu balaa.

#58 Mzee_wa_Bisibisi

Ukiifungua uwe na bisibisi ya nyota ya pembe sita, na skrubu moja imejificha chini ya stika. Sumaku zisikubane vidole viwili kwa wakati mmoja. Sahani za ile ya inchi 3.5 nyingi ni aluminiamu, toboa tu kwa drili. Zile ndogo za kompyuta mpakato ni kioo, ukipiga nyundo vinaruka kila mahali, vaa miwani.

#59 Dogo_Mtundu

Nipo Nyegezi, nakuja kuzichukua mwenyewe. Jicho mnafunga saa ngapi?